Malenga wa Rayners Lane

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua. Nimejikinga ndani ya lile duka la mitumba la hisani, Kilburn High Road, nikatoka na hatima yangu chini ya kwapa. Kitabu! Kinene, kina harufu ya kabati la bibi. Maisha na kazi za Sir Barnaby Thrupp, Malenga wa Mfalme. Sikuwa nakitafuta. Nilikuwa natafuta soksi.

Miaka yote niliyokaa nchi hii sikujua kwamba Waingereza wana malenga wa taifa. Mtu anateuliwa! Mtoto wa mfalme akizaliwa, anatunga. Akioa, anatunga. Akifa, anatunga. Na kwa desturi ya zamani anapewa pipa zima la divai. Mimi nimepanga barua za watu ghalani mpaka mgongo ukapinda, kumbe kulikuwa na kazi kama hii!

Kiingereza cha kitabu ni kigumu, lakini ya muhimu nimeyapata. Thrupp alipewa cheo baada ya washairi watatu kukikataa. Yaani walimpisha. Heshima iliyoje! Na siku aliposoma utenzi wake wa kwanza wa siku ya kuzaliwa ya mfalme, mfalme alisinzia. Hiyo ndiyo nguvu ya ushairi, humtuliza hata mwenye taji.

Nimeamua. Jumuiya yetu ya Waswahili wa kaskazini-magharibi nayo iwe na malenga wake. Tunakutana kila Alhamisi kwenye stoo ya duka la Praful, Rayners Lane. Wabongo, Wakenya, Wakongo wa mashariki, Wahindi wa Tanga na Mombasa, wote tumekalia magunia ya mchele tukinywa chai. Tuna mwenyekiti, tuna katibu, tuna hata mtunza vikombe. Malenga hatuna. Aibu!

Malenga huyo ni mimi. Nani mwingine? Mpango: nitatoa wazo kana kwamba ni kwa faida ya wengine, kisha wakinitaja nitashangaa. Nimefanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo. Mara ya kwanza nilionekana kama mtu mwenye jino bovu. Mara ya pili afadhali.

Kikwazo kimoja tu. Praful.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimevaa koti la mazishi, kuonyesha uzito wa jambo.

Nikaeleza habari za Thrupp kwa unyenyekevu mkubwa. Mwenyekiti wetu, Mama Emérence wa Bukavu, ambaye kazi yake ni kutunza wazee wa Kizungu na kwa hiyo hababaishwi na mzee yeyote, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Papa Lusekelo, huyu malenga anafanyaka kazi gani? Kama ni kusema tu, hapa wote tunasemaka."

Nikataja harusi, misiba, watoto kuzaliwa. Akakubali. Nikafika kwenye pipa la divai, na hapo mkutano ukavurugika. Waislamu wakakataa. Walokole wakakataa. Praful, ambaye hajaonja kilevi tangu azaliwe, akakataa kwa upole. Kamande wa Nakuru peke yake aliunga mkono, akataka hata pipa liwe mawili, moja la malenga na moja la wasikilizaji. Mwishowe Vasanti ben (ben ni dada kwa Kigujarati), mke wa Praful, akasema atatoa ndoo ya achari yake ya embe. Ikapita bila kupingwa. Thrupp alipata pipa, mimi nitapata ndoo. Tunaanzia hapohapo.

Nikatulia nisubiri kutajwa. Uso wa mshangao nimeshauandaa. Kamande akanyoosha mkono. Akamtaja Praful!

Nilishangaa kwelikweli, mazoezi yote bure. Mama Emérence aliona uso wangu, akaamua tupigiwe kura sote wawili wiki ijayo. Praful akacheka tu, akaniongezea chai. Hiyo ndiyo tabia yake, anakukaba huku anakukaribisha.

Ngoja niandike kisa chetu, maana nikifa hakuna atakayekijua. Tanga, enzi za ujana. Nilikuwa karani wa posta, nimetoka Tukuyu na sanduku la bati na mashairi kichwani. Gazeti lilikuwa na ukurasa wa mashairi, nami nikatuma la kwanza kwa lakabu ya Radi wa Rungwe. Wiki iliyofuata nikajibiwa. Kwa dharau! Mtu anajiita Mkonge wa Tanga. Nikamjibu. Akanijibu. Ilienda hivyo mwaka mzima, mji wote ukifuatilia, na vinyozi wakisoma kwa sauti. Mimi nilimwaza Mkonge kuwa shehe mzee wa Ngamiani mwenye ndevu nyeupe.

Gazeti lilikuja kwa basi kutoka Dar, alasiri. Siku moja tukagombea nakala ya mwisho, mimi na kijana mmoja wa Kihindi, mwembamba, nywele zimelowa mafuta ya nazi. Wote wawili tuliruka habari za mbele, tukafungua ukurasa uleule. Tukatazamana. Mkonge ndiye huyu, Praful! Nilitaka kumpiga. Akaninunulia mhogo wa kukaanga wenye pilipili, tukaula tumeegemea ukuta wa posta, tukibishana kuhusu vina mpaka jua likazama. Sijawahi kula mhogo mtamu kama ule. Na sijamsamehe.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kampeni imeanza. Kitabu kinasema Thrupp alitunga kwa kila tukio, hata farasi wa binamu ya mfalme alipopona kikohozi. Mimi leo nimepata tukio langu. Bijou, binti wa Mama Emérence, amefaulu mtihani wa udereva. Karamu nyumbani kwao, hapa Kilburn, ghorofa ya juu, watu wamejaa mpaka jikoni, sombe, yaani kisamvu chao, na samaki wa kukausha mezani. Nikagonga glasi kwa kijiko. Nikasoma:

Leo Bijou kafaulu, mtihani wa magari,
Ameng'ara kama lulu, mbele yake ni hatari.

Kulikuwa na beti nyingine sita. Sikufika. Praful, aliyekaa kando na sahani ya wali mtupu kwa sababu hali nyama wala samaki, aliuliza kwa adabu hatari iliyo mbele ya Bijou ni nani, mtahini au mimi. Watu wakacheka mpaka mtoto wa jirani akaamka. Nikajibu kwamba kina kilinilazimisha. Akasema kina ni punda, hupandwa, hakimpandi mtu.

Bijou alinishukuru kwa Kiingereza, akaniomba nisiiweke mtandaoni. Nimechukulia kuwa ni haya ya kike.

Nikiwa ngazini naondoka, Praful alinifuata, akaninong'oneza kwamba "ameng'ara kama lulu" ulikuwa mstari mzuri. Mbinu! Anataka nilale usingizi.

Jumanne, 14 Oktoba

Ujasusi. Nimemwahidi Kamande cheo cha Malenga Msaidizi endapo atanipelelezea Praful anatunga nini. Akaniuliza msaidizi anapata ndoo ya nini. Nikamwambia hilo tutalijadili.

Amerudi na ripoti. Ovyo kabisa. Anasema, "Mzee, huyo jamaa hatungi kitu. Anapanga maboksi." Nikamuuliza maboksi ya nini. Ya kila kitu, anasema. Mizani ya duka, picha za ukutani, hata ile kalenda ya zamani yenye bandari ya Tanga.

Nikaona niende mwenyewe. Nimevaa kofia ya sufu na miwani ya jua, kwenye mawingu. Nikasimama ng'ambo ya barabara, karibu na stesheni. Dirishani kuna bango jekundu linalosema duka linafungwa. Nikacheka peke yangu. Duka la mazulia la hapa Kilburn lilikuwa na bango hilohilo siku niliyofika London, na mpaka leo linauza mazulia. Ni njia ya kuvuta wateja tu.

Kuhusu maboksi, jibu ni jepesi. Ametunga mengi mno, anayaficha.

Vasanti ben aliniona kupitia kioo, akatoka mlangoni, akaniita kwa jina langu licha ya miwani. Akaniuliza mbona nimesimama baridini kama mdai. Akanipa mfuko wa chevda, kile kitafunwa chake cha pilipili. Macho yake yalikuwa mekundu. Vitunguu, nadhani.

Alhamisi, 16 Oktoba

NIMESHINDA!

Nimekuwa Malenga wa Jumuiya. Mimi, Lusekelo wa Tukuyu, Radi wa Rungwe! Laiti Tumpe wangu angekuwa hai. Angesema, "Vizuri, sasa toa takataka nje." Lakini angesema huku akitabasamu.

Ilikuwa hivi. Nilienda na utenzi mrefu na koti la mazishi, na juu yake nikajifunga kitenge cha marehemu mke wangu kama joho, maana Thrupp alikuwa na joho. Kabla sijafungua mdomo, Praful akasimama, akasema anajitoa. Kisha akasema hivi hivi, kama anayetangaza bei ya vitunguu, kwamba duka limeuzwa. Magoti ya Vasanti ben hayawezi tena ngazi za ghorofani. Mtoto wao, Hemal, ana nyumba Leicester yenye chumba cha chini. Watasherehekea Diwali hapa mara ya mwisho, wataenda mandirini, hekalu lao la Neasden, kuaga, kisha basi.

Mama Emérence akajifuta macho kwa mtandio. Akauliza kama kuna anayepinga malenga awe mimi, na hakuna aliyepinga. Nikapigiwa makofi machache.

Ushindi ni ushindi. Thrupp naye watatu walimpisha.

Nikakabidhiwa ndoo. Praful akanishika bega, akasema, "Luse, kazi yako ya kwanza ni kuniaga mimi. Jumamosi ya wiki ijayo. Na usinitungie uongo." Nikamwambia nitamtungia aagwe mpaka achoke.

Jioni nimejaribu achari na chapati. Haina ladha. Vasanti ben hajawahi kukosea achari. Labda embe za mwaka huu.

Jumapili, 19 Oktoba

Sijaandika mstari.

Kalamu mbovu. Nimebadilisha. Kiti kibovu. Nimehamia kitandani. Jirani wa juu anacheza muziki. Nikagonga dari kwa fagio, akazima, na kimya chake kikawa kibaya zaidi.

Thrupp aliandika amesimama, mkono mmoja kiunoni. Nimesimama. Kiuno kimeuma.

Kila nikianza kumuaga Praful, yanakuja matusi. Ndiyo niliyoyazoea. Naandika "kwaheri", mkono unaandika "ewe bahili wa vina". Naandika "rafiki", inakuja "muuza chumvi kwa kijiko". Nimejaza karatasi nzima na hakuna hata neno moja la kusoma mbele za watu.

Nikaacha, nikakaa dirishani. Nikakumbuka tulivyokutana tena hapa. Nilikuwa mgeni, baridi ya kwanza, Tumpe yuko zamu hospitali. Nikapanda treni ya chini bila safari, nipate joto tu, nikashuka mwisho wa uvumilivu wangu, ikatokea ni Rayners Lane. Nikaona duka, dirishani pameandikwa kwa mkono: MIHOGO IMEFIKA. Kwa Kiswahili! Nikaingia. Mtu wa kaunta ameinama, kipara kinang'aa. Akainua kichwa. Hakushangaa hata kidogo. Akaniambia lile shairi langu la mwisho, nililolichapisha kabla hajaondoka Tanga, lilikuwa na kina kibovu ubeti wa nne, na amekuwa akingoja kuniambia.

Nililia dukani. Nilisema ni baridi.

Nimeandika haya badala ya shairi. Kesho nitakuwa na nguvu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Sina nguvu. Wala sina shairi.

Lakini nina mpango, na ni mpango bora wa maisha yangu! Desturi yetu mtu haondoki bila kuagwa. Akiondoka bila kuagwa ni mtoro, na Praful si mtoro, ana adabu kuliko kabati la Korani. Kazi ya kumuaga ni ya malenga. Malenga akiwa mgonjwa, hakuna kuaga. Hakuna kuaga, hakuna kuondoka. Wataahirisha wiki. Wiki itazaa wiki. Krismasi itafika, barabara zitaganda, na Hemal atapangisha kile chumba.

Nimempigia simu Mama Emérence kwa sauti ya kaburini. Nimemwambia naumwa, pengine moyo.

Nimelala mapema, na raha zangu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Sikufikiria jambo moja. Mama Emérence ni mtunza wagonjwa.

Saa tatu asubuhi mlango unagongwa. Ameingia na mashine ya kupima presha, kipimajoto na supu ya kuku. Akanipima mkono huu, akanipima na huu. "Papa, mashini inasema uko muzima kabisa. Vaa viatu, tunaenda." Nikamwambia mashine haipimi moyo wa mshairi. Akasema yeye ameupima bila mashine, na nivae viatu.

Basi tukaenda. Njia nzima nikitafuta mstari, hata mmoja.

Duka! Mungu wangu, lile duka. Rafu tupu. Pale palipokuwa na unga wa sembe kuna alama ya mraba ukutani. Magunia hayapo, watu wamesimama katikati ya stoo bila kujua pa kuweka miguu. Vasanti ben ametengeneza chai kwenye sufuria ya mwisho, vikombe vya karatasi. Sijawahi kunywa chai yake kwenye karatasi.

Wakaniita. Nikasimama na kitenge changu begani. Mikono mitupu. Watu wanangoja, Praful anangoja, kichwa chake kimeinama upande kama anavyofanya akihesabu mizani. Nikafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa changu. Lilikuwa lake. Ubeti wa kwanza kabisa alioniandikia gazetini, mwaka ule, Mkonge wa Tanga kumjibu Radi wa Rungwe:

Ewe Radi wanguruma, mvua hatujaiona,
Tumengoja juma zima, kwa ndoo twatazamana,
Kama huna la kusema, nyamaza tule mchana,
Rungwe kwenu rudi nyuma, Tanga kuna wenye kina.

Nikaendelea. Ubeti wa pili, wa tatu, mpaka wa nane. Zote zilikuwamo kichwani, haikupotea hata silabi. Sikujua kama nazikumbuka. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Kamande anatazama viatu vyake. Vasanti ben amefunika uso kwa upindo wa sari, mabega yanatikisika, sikujua ni kicheko au nini.

Praful akavua miwani, akaifuta. Akaivaa. Akaivua tena. Akasema, "Hilo ni langu, Luse." Nikamwambia najua. Akaniuliza langu liko wapi. Nikamwambia bado linaiva. Akatikisa kichwa, akanikumbatia, akanuka mafuta ya nazi kama zamani.

Naona ana mafua, alikuwa anavuta pua muda wote. Leicester ni baridi, ajitunze.

Gari la Hemal likaondoka. Nikapunga mkono mpaka taa za kona zikalimeza. Natambua kwamba mbinu ya kusoma shairi la adui mbele ya adui ni ya juu sana, wala Thrupp hakuwahi kuifanya. Niliipanga hivyohivyo.

Alhamisi, 6 Novemba

Mkutano wa kwanza bila duka. Tumehamia sebuleni kwa Mama Emérence. Makochi laini. Hakuna gunia, kwa hiyo huwezi kujua mkutano umekuwa mrefu.

Nimetimiza wajibu wangu. Nimesoma utenzi kuhusu makochi. Beti kumi na mbili, na katika ubeti wa tisa niliweka makusudi kina kibovu, "kochi" na "kuku", nione.

Wakapiga makofi.

Nikauliza kama kuna mwenye neno. Mama Emérence akasema ni vizuri sana, Papa. Kamande akasema poa. Nikawauliza tena, hasa ubeti wa tisa. Bijou, ambaye hakutoa macho kwenye simu, alisema kwa Kiingereza kwamba ubeti wa tisa ndio aliupenda zaidi.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Kifua kizito. Zile sambusa za Mama Emérence.

Sasa hivi nimesoma sura ya mwisho ya Thrupp, nipate kujipa moyo. Haina maana. Kumbe alikuwa na mtesi, mwandishi mmoja wa gazeti aliyemkejeli kila juma, maisha yake yote. Mtesi akafa. Mfalme akampa Thrupp pipa la ziada la kumpongeza. Mwandishi wa kitabu anadai kuanzia hapo Thrupp hakuandika tena mstari wa maana, na kila alasiri alionekana dirishani akitazama njia ya mleta magazeti. Sijaona uhusiano. Mtu aliyebaki peke yake uwanjani si ndiye bingwa? Labda alikuwa anangoja gazeti tu.

Nimekifunga kitabu. Ndoo ya achari imebaki nusu. Nimeila kwa mkate mkavu. Bado ladha sio ile.

Jumamosi, 8 Novemba

Aaah! Aaaaah! Nimemkamata!

Asubuhi simu imelia mlio wa ujumbe. Leicester. Praful. Hakuna salamu wala habari za magoti. Ubeti mmoja tu:

Naondoka ndugu yangu, mlango nimeufunga,
Nimebeba vyote vyangu, sukari, chai na unga,
Nimeacha neno langu, hapo ulipolipinga,
Njoo, Radi wa mawingu, na huku kuna anga.

Nimeusoma nimesimama. Nikausoma nimekaa. Mistari mitatu ya kwanza, kama kawaida yake, imenyooka. Wa nne nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena. Nane upande wa kwanza, sawa. Upande wa pili, SABA!

Praful! Mkonge wa Tanga! Mtu ambaye tangu gazeti la kwanza mpaka leo sijamkuta na upungufu wa silabi moja, na Mungu ni shahidi nimetafuta! Na kosa lenyewe ni la kitoto. Angeandika tu "huku nako kuna anga", basi, nane kamili. Mtoto wa darasa la tano angeliona. Yeye hakuliona! Na ameliacha pale mwishoni kabisa, kwenye mstari ambao jicho la msomaji haliwezi kuukwepa.

Uzee, maskini. Au ile hewa ya Leicester.

Nilitaka kumjibu kwa simu, kisha nikajizuia. Hapana. Kosa kama hili halisahihishwi kwa simu. Linasahihishwa ana kwa ana, mbele ya Vasanti ben, nimuone anavyovua miwani. Nimekata tiketi ya basi la kesho asubuhi. Mama Emérence ananiuliza nitakaa siku ngapi. Nimemwambia sikai, namuonyesha kosa, nageuza. Akauliza mbona basi nimefungasha dawa za presha za mwezi mzima, sweta zote mbili na mto wangu. Nikamwambia Praful ni mbishi, kukubali kwake kunaweza kuchukua muda.

Nimemuachia Mama Emérence kitabu cha Thrupp, mzigo bure. Na jambo jingine, halijui mtu bado. Nimeulizia. Waswahili wa Leicester wako wengi kuliko sisi, wana mwenyekiti, wana ukumbi wenye viti.

Malenga hawana.